Moto wa Kisiwani Nyanoni

Kisiwa cha Nyanoni,
kwa njia ya Lamadi.
Jumanne, 3 Desemba 1996

Kwa dada yangu Milembe,
Nyalikungu, Maswa.

Mwangaluka, dada. Nakusalimu wewe, namsalimu mayu, mama yetu, nawasalimu na watoto mmoja mmoja, Elizabeth na mdogo wake Ngassa. Je, miguu ya mayu imepungua kuvimba? Salu mchuuzi wa samaki, aliyeniletea barua yako, alisema alimkuta ameketi nje anachambua choroko, naye mayu akamwambia kwamba harufu ya samaki wake ilifika Nyalikungu tangu jana yake. Nilifurahi kusikia hivyo, maana mgonjwa akianza kutania watu amekwisha kupata nafuu. Mimi mwilini sijambo. Mvua ya huku ilianza tarehe 6 Novemba na haijakatika.

Barua yako ya tarehe 21 ilinifikia tarehe 28, na nimeisoma mara nne. Unasema baba mdogo Novatus amewaita wazee Jumamosi ya tarehe 14 Desemba ili ndoa yako na Marcelo ivunjwe na ng'ombe wa mahari warudi kwao, kwa kuwa ukoo hauwezi kumwacha binti kwa mume aliyetengwa na watu. Unasema shemeji amekwisha kuja hapo mara mbili, nawe ukampa maji ya kunywa mlangoni lakini hukumkaribisha ndani. Kisha unaniomba jambo moja tu: nikunakilie yale niliyoyaandika katika daftari langu siku ya moto, barua isomwe mbele ya wazee, kwa sababu daftari la Keneth halina ushabiki.

Nitayanakili. Ila naomba nianzie mwanzo. Wewe kisiwa unakijua, lakini wazee watakaosikiliza hawajawahi kuvuka maji, na wasipojua kisiwa kilikuwaje hawatajua ni nini kimeungua.

Nilifika hapa tarehe 9 Machi 1994, miezi miwili baada ya kupunguzwa kazi. Wazee wanakumbuka kazi yangu. Kwa miaka minane nilikuwa mkaguzi wa masalia ya pamba huko Nkoma, nikizunguka shamba kwa shamba kuhakikisha kwamba ifikapo tarehe 15 Septemba miti yote ya pamba imeng'olewa na kuchomwa, funza wasipate mahali pa kulala hadi msimu mwingine. Wanunuzi binafsi walipoingia na chama cha ushirika kikafilisika, hakuna aliyehitaji mkaguzi tena. Marcelo ndiye aliyenitumia ujumbe kwamba nije, kwamba kisiwani hakuna mtu anayejua kuandika barua ya Kiswahili safi, na kwamba chakula kipo. Alinijengea kibanda kwa mikono yake. Akanipa na jina, Bwana Masalia, akawa anawaambia wavuvi kwamba shemeji yake akifa ataenda mbinguni kuwauliza malaika kama wamechoma kabla ya tarehe kumi na tano. Nyamizi, yule mama mbanika samaki mwenye sauti kubwa, alicheka hadi akaangusha ungo.

Kisiwa chenyewe unaweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mashariki kulikuwa na kambi, vibanda kumi na vitatu. Juu katikati kulikuwa na miti mikubwa, na juu ya miti hiyo ndege, mnandi weusi na yangeyange weupe, wengi kiasi kwamba kwa mbali mtu aliweza kudhani miti imetoa maua. Magharibi kulikuwa na matete mazito yaliyoingia majini, na baada ya matete mawe. Kati ya mawe hayo waliishi samaki wadogo waitwao furu, madume wao wa buluu wenye mikia myekundu. Bwana samaki, afisa wa uvuvi, alipotutembelea alikaa juu ya jiwe nusu siku akiwatazama, akaniambia amezunguka visiwa vingi lakini furu wa rangi ile hajamwona kwingine. Nilikuwa na muda mwingi na kalamu. Mwezi ule ule nikaanza kuhesabu viota kila Jumapili na kuandika.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa viota 212. Kisha malori ya barafu yakaanza kufika Lamadi kuchukua sangara wa viwandani, na kila aliyekuwa na wavu akataka kuvua. Sangara waliokataliwa na malori walibanikwa hapa hapa, na kubanika kunataka kuni. Mwaka 1995 miti kumi na tisa ilikatwa. Panya walikuja na magunia ya unga, paka akaletwa kwa ajili ya panya, paka akaona makinda ni rahisi kuliko panya. Watu walichukua mayai. Mwezi Februari mwaka huu viota vilikuwa 90. Furu wa mawe nao walipungua kwa sababu sangara anawameza, na waliobaki walijificha kwenye matete ambako sangara mkubwa haingii.

Uharibifu huo ulipoanza kuonekana, tarehe 2 Juni 1995, mkutano wa kisiwa ulipitisha sheria, kwamba hakuna kukata mti wa juu na hakuna moto kwenye matete, kwa kuwa ndiyo mazalia ya samaki. Atakayevunja atatengwa kwa utaratibu wa sungusungu: hasalimiwi, hauziwi, hapewi hata kaa la moto, na hakuna kupokea kitu mkononi mwake, mpaka akiri mbele ya wote na kutimiza atakayoamriwa. Mwenyekiti alichaguliwa mzee Kasmiri, na katibu nikachaguliwa mimi.

Hapa wazee wajue jambo kuhusu Marcelo. Sheria ilipopita, wengi waliendelea kukata kwa siri. Yeye alianza kuvuka kwenda nchi kavu kununua kuni, kila Jumamosi, akarudi na mtumbwi umezama hadi ukingo. Wenzake walimcheka kwamba ameoa kwa Wasukuma wa pamba akapata akili ya kubeba mizigo. Alijibu kwamba hao ndege ni majirani, na kati ya majirani wote wa kambini ndio pekee ambao hawajawahi kumwomba chumvi. Tanuri lake la kubanikia samaki tu ndilo lililokuwa na kasoro. Alilijenga upande wa magharibi ili moshi usiwasumbue watoto, na lilikuwa hatua kama hamsini kutoka kwenye matete. Bwana samaki alimwonya, nami kama katibu nilimwandikia barua ya onyo tarehe 11 Agosti mwaka huu. Aliahidi kulihamisha baada ya mwezi wa tisa.

Sasa nije kwenye pamba. Sijui kama nilikueleza vizuri kwa nini nililima pamba kisiwani, maana hata wewe ulicheka. Niliona bei imepanda, wanunuzi wanagombania, nikawaza kwamba shamba lililozungukwa na maji halitafikiwa na funza. Nilisafisha kipande kidogo juu ya tanuri la Marcelo. Msimu wa kwanza pamba ilitoka nyeupe kabisa, na tarehe 10 Septemba 1995 nikabeba masalia yake kichwani, mzigo kwa mzigo, nikayachomea juu ya mwamba mtupu. Watu walikuja kutazama. Nyamizi aliuliza kama ninapika pamba.

Msimu wa pili nikaongeza shamba hadi karibu na matete, na ili kuliongeza nilikata vichaka ambavyo fisi maji walikuwa wakipumzika chini yake. Safari hii funza walifika. Nilinunua dawa, nikapuliza, nikaosha bomba ufukweni kwenye mawe. Kesho yake, tarehe 19 Februari, nilikuta furu wadogo wakielea, nikahesabu 46 nikaacha kuhesabu. Marcelo alinikuta pale. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo nitaoshea bomba juu, naye atanichotea maji. Akafanya hivyo hadi msimu ulipokwisha. Jambo hili hukuniuliza, lakini limo kwenye daftari, na nimeona lisomwe.

Wewe uliondoka kwenda kumuuguza mayu tarehe 27 Agosti. Moto ulitokea Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Ilikuwa siku ya mnada Lamadi na kambi nzima ilivuka, wakabaki watu wawili, mzee Shida mfuma nyavu aliyekuwa na homa amelala kibandani, na mimi. Waliokuwa mnadani waliona moshi kutoka ng'ambo. Walipofika, moto ulikuwa umemaliza matete yote, umepanda juu kwenye miti, umeshuka kambini na kuteketeza vibanda tisa na nyavu zilizokuwa ndani. Mzee Shida nilimtoa nimembeba mgongoni.

Ndege sitaki kuwaandika sana. Mnandi walikuwa na makinda wasioweza kuruka. Wazazi wao walizunguka juu ya moshi, na moshi ulipokwisha wakaendelea kuzunguka, siku tatu, bila kutua. Siku ya nne hawakuwapo. Kwenye mawe nilimkuta fisi maji mmoja ameungua nyayo zote nne, anajaribu kuingia majini na kutoka, kuingia na kutoka. Mvua zilipoanza, majivu na udongo wa juu viliteremka hadi kwenye mawe, na maji ya upande ule yamekuwa kama uji wa ulezi. Bwana samaki alikuja tarehe 20 Novemba, akakaa juu ya lile jiwe lake mpaka saa nane. Aliniambia kwamba hata kama wamebaki furu wachache, dume na jike hawataonana katika tope kama lile. Aliondoka bila kuandika kitu. Jumapili iliyopita nilipanda juu kuhesabu viota kwa mazoea, nikaandika sifuri.

Mkutano wa kumpata mkosaji ulikaa Jumanne, tarehe 17 Septemba, palepale kwenye majivu. Watu walikuwa na hasira kali. Nyamizi alikuwa amepoteza kila alichokuwa nacho na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Kila mtu alisema tanuri. Wengine walimwita Marcelo mchawi wa kuni, wakasema alijifanya kununua kuni ng'ambo kumbe alitaka kutuchomea hizi za hapa. Mzee Kasmiri aliwanyamazisha, akasema hatamtenga mtu kwa makelele, katibu anaandika kila siku, basi katibu asome.

Nilisimama nikafungua daftari. Nilisoma maneno haya, nayanakili yalivyo: “14/9/96. Jumamosi. Anga safi, hakuna upepo. Saa 1 asubuhi Marcelo amewasha tanuri, amepanga samaki, ameondoka kwenda ng'ambo. Tanuri halina mtu.”

Hapo nikafunga daftari.

Marcelo alikuwa amesimama kati ya watu wawili wenye fimbo. Wewe unajua kwamba hasomi vizuri. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama ugali umebaki, “Shemeji, imeishia hapo?” Nikamjibu kwamba imeishia hapo. Basi wakamtenga. Tanuri lake walilibomoa siku ile ile. Walimtaka akiri, akakataa, akasema hawezi kukiri moto ambao hakuuona. Kwa siku tisa alikaa hapa bila mtu kumjibu salamu. Tarehe 26 alipakia vitu vyake kwenye mtumbwi, akapita mbele ya kibanda changu, akanisalimia. Sikumwitikia, kwa sababu sheria ilikataza na katibu wa sheria ni mimi.

Dada Milembe, na wazee wangu mnaosikiliza, haikuishia hapo. Chini ya maneno yale, kwenye ukurasa ule ule, iko mistari mingine ambayo niliiandika jioni ile mikono ikiwa bado myeusi. Inasema hivi: “Saa 3 nimewasha masalia ya pamba, marundo matatu, ukingo wa chini wa shamba. Mengi mno kubeba hadi mwambani. Kesho ni tarehe 15. Saa 5 upepo umegeuka kutoka ziwani. Rundo la tatu limeshika matete. Nimepiga kwa matawi, nimeshindwa. Tanuri la Marcelo lilikuwa limezima, nimeligusa mwenyewe.”

Ni mimi. Marcelo hakuchoma kitu.

Nkoma nilichoma hivyo miaka minane. Kule upepo ukigeuka unakutana na shamba tupu la jirani, nalo limekwisha kuchomwa. Hapa sikuwaza upepo, niliwaza tarehe. Hakuna mkaguzi yeyote aliyekuwa anakuja Nyanoni. Hakuna sheria ya pamba iliyokuwa inakijua kisiwa hiki. Nilijikagua mwenyewe, nikawa na haraka ya kujipitisha. Kuhusu mkutano, nimejaribu kujitetea usiku na mchana na sijapata utetezi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, kwa kuwa kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Mwaka uliotangulia wote waliniona nachomea mwambani, wakajua Bwana Masalia ni mtu wa taratibu. Niliogopa, dada. Niliwaona wale wenye fimbo, nikamwona Nyamizi. Nikajiambia kwamba Marcelo ni mvuvi, ana mtumbwi, ataanza pwani nyingine, na mimi nimekwisha kufukuzwa mara moja na sina pa kwenda. Sikuwaza juu yako hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma zaidi nikikumbuka kwamba watoto wanamwona baba yao akinywa maji mlangoni.

Ukurasa wenyewe nimeukata na kuutia ndani ya barua hii, ili baba mdogo Novatus auone mwandiko na wino wake, asije akasema nimetunga sasa kwa ajili ya kukuokoa. Pia asubuhi ya leo nimekwenda kwa mzee Kasmiri nikamsomea yote. Alikuwa ananoa panga na aliendelea kulinoa. Kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha kusema. Nikamwambia hapana. Akasema Jumapili, tarehe 8, atawakusanya watu, na mtu atatumwa kumtafuta Marcelo huko Kalemela aliko ili asafishwe jina mbele ya wote. Aliniambia nijiandae. Nilikuwa karibu kumuuliza nijiandae vipi, lakini sheria ile niliiandika mimi na ninaijua kila kifungu.

Kwa hiyo wazee wasivunje ndoa kwa ajili ya moto huu. Kama kuna kosa la ukoo, ni la kwetu kwake. Akija tena, mkaribishe ndani, mpe kiti. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, nitamwomba mwenyewe, akikubali kunisikiliza. Kama wewe hutataka kunisikiliza, nitaelewa. Miti na ndege na wale furu sijui nitawaomba nani. Nimepanda miche arobaini ya mitimaji kule juu, na mbuzi walioletwa mwezi uliopita wamekula thelathini na moja.

Salu anaondoka kesho asubuhi na samaki, nimemwomba akukabidhi wewe mkononi na si mtu mwingine. Mpe mayu salamu zangu, mwambie nimekula. Wape salamu Elizabeth na Ngassa, waambie baba yao hana kosa, waambie kwa sauti majirani wasikie. Msalimu baba mdogo Novatus na mama mdogo. Wasalimu wa kwa Jenipha, na Maximiliana wa kanisani, na yule jirani wa dukani ambaye jina lake nimelisahau. Wasalimu wote wanaonifahamu, na wote wanaoniuliza, hata wale wasioniuliza. Naona nimetuma salamu nyingi kuliko kawaida, lakini zipokee, dada, kwa maana kuanzia Jumapili sitakuwa na mtu wa kumsalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Keneth